Rovu la Dada

Kwetu shingo ya mwanamke ikivimba hakuna anayeshtuka. Tunasema ni rovu, basi, yameisha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nalo la ukubwa wa ngumi, akalima nalo, akazaa nalo, akazikwa nalo akiwa mkongwe asiyejua mwaka aliozaliwa. Mama alikuwa nalo dogo, akilifunika kwa ncha ya khanga siku za Jumapili kanisani, siku nyingine akiliacha lipunge upepo. Dada yangu mkubwa lilimtoka akiwa msichana, wazee wakacheka wakasema huyu kamfuata bibi yake. Mimi halikunitoka, na nikiwa mdogo nilimwonea wivu kwa jambo hilo.

Naandika nikiwa na hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikifoka. Nafanya kazi masjala, chumba cha mafaili, katika hospitali moja hapa Tabora. Mgonjwa akija, mimi ndiye ninayemwandika kwenye rejesta: jina, umri, anakotoka, halafu neno moja au mawili ya ugonjwa niliyoyatoa kwenye maandishi ya daktari. Siku hizi tuna kompyuta, nayo ina siku zake za kutuambia mfumo uko chini, lakini mafaili ya karatasi bado yamepangwa hadi darini. Nimekaa humo miaka mingi kuliko daktari yeyote aliyepita hapo. Najulikana kwa mambo mawili, mwandiko mzuri na mdomo mkali. Ukija kunidai faili huku unagonga kidole mezani, nakurudisha nyuma ya foleni hata kama wewe ndiye mganga mkuu.

Dada alinizidi miaka saba na ndiye aliyenilea. Mama alikuwa mtu wa shamba, anaondoka alfajiri anarudi jua limezama, na baba alikuwa katekista, kila wiki yuko vigango, makanisa madogo ya mbali, na baiskeli yake. Dada aliachishwa shule darasa la tano ili abaki nyumbani na mimi. Mimi nikasoma mpaka kidato cha nne. Hakuna siku aliyonisimanga kwa hilo, hata pale nilipoanza kuringa na kalamu yangu mfukoni. Alinitania tu, akisema kwetu kuna msomi mmoja na mpishi mmoja, na msomi hajui kusonga ugali.

Aliolewa Bukene, na mtu wa ukoo wa Waarabu ambao babu zao walikuja na misafara ya pembe, misafara ikaisha, wao wakabaki na maduka yao. Shemeji yangu ni mtu mpole, ana duka la nguo na vyombo karibu na stesheni. Ili ndoa ifungwe, dada alisilimu na akapewa jina jipya. Baba alilichukulia kama kifo. Alitukusanya akasema katika uwanja wake jina hilo lisitamkwe, na harusini asikanyage mtu. Hatukukanyaga. Baadaye walizaliwa mapacha, wasichana wawili, na baba akalainika, akapanda treni kwenda kuwaona wajukuu. Lakini jina lilibaki nje ya nyumba yetu.

Kwa bahati lilikuwa halihitajiki. Watu wote walimwita Mama Mapacha, hata mumewe, hata baba mwenyewe. Mimi nilimwita Dada, kwa sababu kwetu mkubwa wako humwiti kwa jina, utaonekana huna adabu. Kwenye simu yangu nimemwandika Dada. Lile jina la kusilimu nililisikia labda mara mbili katika maisha yangu, tena kwa mbali, na sikujisumbua kulishika. Nilijua lipo, kama ninavyojua majirani zangu wa mtaa wa Ipuli wana majina kwenye vitambulisho, na mimi nawajua kwa watoto wao.

Kiangazi cha mwaka juzi alikuja kunitembelea, amebeba mfuko wa matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, maana anajua nayatafuna kazini. Hakuja kwa ajili ya shingo. Mimi ndiye niliyeona kwamba rovu limeota kitu pembeni, upande wa kulia. Nikaligusa. Lilikuwa gumu, halichezi. Akaniambia nisimtazame hivyo, ni uzee. Nikamwambia uzee haukai upande mmoja, twende kazini kwangu ukaonekane na daktari.

Asubuhi nilimwandikia kadi mimi mwenyewe. Niliandika jina lake la utotoni na jina la baba yetu. Sikumwuliza. Nani anamwuliza dada yake anaitwa nani? Mkono uliandika wenyewe. Nikamfungulia faili, nikampeleka mpaka mlangoni kwa daktari, halafu nikarudi mbio kwa sababu dirishani foleni ilikuwa imeshafika barabarani na watu wameanza kunisema.

Daktari alimpapasa, akaamua achukuliwe kinyama, yaani achomwe sindano shingoni na kipande kidogo cha ule uvimbe kipelekwe kupimwa kwenye maabara kubwa, maana hapa kwetu kipimo hicho hakikuwepo. Aliyejaza fomu ya maabara alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Alimwomba kitambulisho cha taifa. Dada akakitoa, na jina likanakiliwa kama lilivyo, lile la kusilimu, likifuatiwa na la mumewe na la babu wa mumewe. Na namba ya simu, na umri, na Bukene. Hakuniambia, na kwa nini aniambie? Kwake lilikuwa jina lake.

Faili liliporudi kwangu, daktari alikuwa ameandika mstari mrefu: uvimbe mgumu, upande wa kulia, hauchezi, asubiri majibu ya kinyama. Safu ya ugonjwa kwenye rejesta ni nyembamba. Niliandika: rovu. Ndivyo nilivyoandika miaka yote, kwa kila shingo iliyopita dirishani pangu. Kwa kuwa hii ilikuwa ya dada yangu, niliandika kwa herufi nzuri zaidi.

Alinipigia simu mara mbili kuulizia. Mara ya kwanza nikamwambia majibu hayajaja. Mara ya pili nilikuwa na siku mbaya, nikamjibu kwa ukali kidogo, nikasema yangekuwa mabaya wangeshatuita, hilo ni rovu la ukoo kama la Mama, aache kujitafutia maradhi. Akacheka, akasema haya bwana daktari. Hakuuliza tena. Miezi ilipopita na sauti yake ikaanza kukwaruza kwenye simu, nilimtania kwamba sasa anafaa kuimba besi kwaya ya wanaume. Nayakumbuka maneno hayo moja baada ya moja na ninatamani kujizaba makofi.

Mwishoni mwa mwaka jana alikuja daktari mmoja mwanamke kutoka Dar es Salaam, kijana, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alinipa shikamoo kabla hajaingia mlangoni, nikajua huyu kafundwa. Alikuwa na barua ya kibali cha utafiti na alitafuta vitu viwili kwenye mafaili yetu. Kwanza, watoto wanaozaliwa na kinga pungufu ya mwili, ugonjwa adimu, wa kuzaliwa nao. Alinionya nisiuite upungufu wa kinga mbele ya akina mama, maana watasikia UKIMWI na hawatarudi. Pili, saratani ya tezi ya shingo. Alitaka kujua kama inaongezeka huku magharibi au haiongezeki.

Nilimwambia atapoteza muda wake. Watoto wanaougua tunao wengi, lakini saratani ya shingo hatuna, tuna rovu, na siku hizi hata rovu limepungua tangu watu waanze kula chumvi yenye madini joto. Aliitazama rejesta yangu kwa muda mrefu, akigeuza kurasa taratibu.

“Mama,” akaniuliza, “rovu ni ugonjwa gani?”

Nikamwambia asinitanie, rovu ni rovu.

“Ni shingo iliyovimba, Mama. Hapa hujaniambia kwa nini imevimba. Ni sawa na mtu kuandika ‘tumbo’.”

Nilichukia. Mtoto wa juzi anakuja kunifundisha rejesta. Nikaenda kumtolea mafaili kwa vishindo, nikimrundikia mezani mengi kuliko aliyoomba. Yeye akasema ahsante na kuanza kuyasoma. Siku ya tatu nilianza kusoma naye, kwa ubishi tu, nimwonyeshe kwamba nimeandika sawa. Tukawa tunafungua rejesta, tunaona neno rovu kwa mwandiko wangu, halafu tunafungua faili na kusoma alichokiona daktari. Mengi yalikuwa rovu kweli. Lakini yalikuwepo mengine: gumu, halichezi, sauti imebadilika, anapata shida kumeza. Yote niliyaita rovu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale watoto pia. Kulikuwa na mama mmoja wa Ziba aliyeleta watoto watatu kwa zamu, miaka tofauti, na kila mmoja nilimwandika nimonia, nimonia, nimonia, na kila faili likaishia hapo. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini mama yule alikuwa anarudi kila mara na mtoto mpya.

Daktari hakunilaumu. Alisema watu wa takwimu huko wanabishana kama saratani hii inaongezeka au inatafutwa zaidi, na ukichukua takwimu zetu utadhani Tabora hakuna kabisa. Alikuwa na dodoso la kurasa kadhaa kwa kila mgonjwa. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na swali la sababu ya kuchelewa matibabu, na moja ya majibu ya kuchagua lilikuwa: mgonjwa hakurudi kuchukua majibu. Nilimsaidia kujaza. Hilo ndilo nililotia alama mara nyingi, na nililitia kwa moyo mweupe kabisa, nikiwanung'unikia wanakijiji wasiojali afya zao.

Ndipo akauliza kama kuna majibu yoyote ya maabara yasiyo kwenye mafaili. Nikamwonyesha boksi la mayatima. Ndivyo tulivyoliita. Majibu yakija, kazi yangu ni kutafuta faili la mwenye jina hilo, niyabandike, nilipeleke kwa daktari. Nisipopata faili, nayaandika juu “faili halipo” na kuyatia kwenye boksi lile chini ya rafu, mpaka mwenyewe aje kuuliza. Utaratibu huo niliurithi kutoka kwa karani aliyenitangulia na sikuuona una kasoro. Boksi lilikuwa hatua tatu kutoka kiti changu. Nilikuwa naegemeza mguu juu yake nikichoka.

Tulilimwaga mezani. Daktari akachambua, akitenga pembeni karatasi zilizosema saratani. Zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Akasema tuwapigie simu hawa watu sasa hivi, leo. Akaweka simu yake katikati ya meza, sauti nje, ili mimi niandike anachojibiwa. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea mwanamume, na daktari alipotaja jina la mgonjwa, yule mwanamume akasema mama huyo walishamzika, na akauliza sisi ni akina nani. Daktari akampa pole. Nikaandika: amefariki.

Karatasi ya tatu ilikuwa na jina la Kiislamu, refu, la watu wa Bukene. Nikasema huyu simjui, ingawa Bukene nina ndugu. Juu ya karatasi palikuwa na mwandiko wangu: faili halipo. Daktari akabonyeza namba. Siku hizi nani anakumbuka namba ya mtu? Nilisikia simu ikiita na sikufikiria chochote.

“Halo, nani mwenzangu?”

Sauti ilikuwa imekwaruza. Daktari akauliza kama anaongea na fulani, akalisoma lile jina lote.

“Ndiye mimi.”

Kalamu yangu ilisimama. Daktari akajitambulisha, akasema anapiga kutoka hospitali ya Tabora, kuhusu kile kipimo cha shingo alichofanya mwaka juzi.

“Aa, hapo yupo mdogo wangu, masjala,” dada akasema. “Mwulizeni yeye, anajua habari zangu zote.”

Daktari aliinua macho akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila alibadilisha sauti, akamwambia dada tungependa aje kesho, na asije peke yake. Dada akauliza kama kuna ubaya. Akaambiwa atafafanuliwa akifika. Akasema sawa, akaniachia salamu. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye simu ile na sikuweza kusema nipo.

Niliichukua karatasi nikaisoma tena. Tarehe ya kupokelewa ilikuwa wiki chache tu baada ya yeye kurudi Bukene. Maana yake, mara ya pili aliponipigia na mimi nikamkaripia, majibu yalikuwa yameshafika na nilikuwa nimeyawekea mguu. Ningependa kusema naikumbuka siku ile niliyoyapokea. Siikumbuki. Niliisoma bahasha, nikapita rafu, nikakosa, nikaandika maneno mawili kwa mwandiko mzuri, nikaendelea na matobolwa yangu.

Alikuja na shemeji na binti mmoja. Nilimkuta kwenye benchi, na nilipomwamkia aliniitikia marahaba kwa ile sauti iliyokatika, akatabasamu. Daktari alimweleza mbele ya sisi wote: ni saratani ya tezi, ni ya aina ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri sana, lakini lazima waangalie imefika wapi. Shemeji akauliza imekuwaje majibu kukaa muda wote huo. Daktari akaniangalia. Alikuwa ananipa nafasi. Nikasema:

“Yalichelewa.”

Ni neno la kweli. Kila mtu aliyekuwepo alilikubali. Dada akanishika mkono akasema bila mdogo wake kuwa hospitali angekufa na rovu lake bila kujua, Mungu amenitumia. Shemeji naye akanishukuru. Nilitoka nikaenda chooni nikajifungia, nikauma khanga ili wasisikie.

Picha zilionyesha kwamba imeshaingia kwenye mapafu, vidoadoa pande zote mbili, na mshipa wa sauti wa upande mmoja ulikuwa tayari umekufa. Akaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam. Kabla hatujaondoka, yule daktari aliniita pembeni.

“Mama, kwenye utafiti wangu nitaandika kilichotokea,” akasema. “Jina lako halitakuwepo wala lake. Lakini yeye ana haki ya kujua, na ni heri ajue kutoka kwako. Mwambie kabla ya upasuaji. Wakigusa mshipa wa pili, hataweza kuongea tena, pengine moja kwa moja.”

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa.

Nilikuwa na safari nzima ya kumwambia. Tulikaa siti moja, yeye dirishani. Alikuwa anazungumza sana, kuliko kawaida yake, ingawa koo lilimwuma. Alikuwa anatumia sauti yake wakati bado anayo, mimi nikiwa pembeni naitikia. Alinikumbusha nilivyokuwa siendi kulala mpaka anibebe, na siku nilipoanguka kisimani. Aliongea kuhusu baba, akasema amemsamehe zamani. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza akanipa chungwa nimmenyee. Mara ya pili alikuwa amesinzia. Mara ya tatu alikuwa macho, hakuna aliyetukatiza, na nilisema tu kwamba jua la upande huu ni kali.

Dar tulisubiri kitanda, tukasubiri vipimo, tukasubiri zamu ya chumba cha upasuaji. Kila siku nilisema kesho. Nilijipa sababu nzuri: asipewe wasiwasi, presha isipande, apasuliwe kwanza akiwa na moyo mtulivu. Wasichana wake, waliotufuata huko, walinisifu jinsi ninavyomhudumia, nilimwogesha, nilimfulia, nilimpigania kwa makarani wenzangu wa pale, nikiwafokea wasipoteze karatasi hata moja. Karani mmoja, msichana mwenye kucha ndefu, aliniuliza mama mbona unatusimamia kama tumekuibia. Asubuhi ya upasuaji walipomsukuma kitandani, alinishika kidole, akasema kwa sauti ya kunong'ona nisiwaache watoto wakae na njaa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake.

Walitoa tezi yote, na mshipa wa pili haukunusurika. Walimwekea tundu la kupumulia kooni, na daktari bingwa akasema sauti haitarudi. Ile iliyoko kwenye mapafu haitolewi kwa kisu. Atanyweshwa madini joto yenye mionzi, akae chumba cha peke yake siku kadhaa, waone kama mapafu yatayapokea. Huenda yakapokea. Huenda yasipokee. Hakuna aliyetudanganya.

Binti mmoja alimnunulia daftari la shule na kalamu, awe anaandika anachotaka. Dada aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la tano, ulimi ukimtoka kidogo pembeni ya mdomo. MAJI. MTO. WATOTO WAMEKULA. Siku ya nne maumivu yalikuwa yamempungua, wasichana wameteremka kununua chai, na mimi nilikuwa nimebaki naye. Hapo ndipo niliposema.

Nilisema yote, bila kupumzika, nikiangalia shuka. Kadi niliyoiandika bila kumwuliza. Jina lake ambalo sikulitambua nilipoliona. Boksi, mguu wangu juu ya boksi, simu zake mbili. Nilisema wala si kwamba yalichelewa, yalikuwa kwangu. Nililia, nikasema anisamehe, nikasema anitukane, nikasema anipige. Nilisema maneno mengi kwa sababu hapakuwa na wa kuyakatiza. Nilipomaliza nilisikia hewa ikiingia na kutoka kwenye lile tundu, basi.

Alinyoosha mkono, nikadhani ananishika. Alikuwa anataka daftari. Nikampa. Aliandika kwa muda mrefu, akapumzika katikati, akamalizia, halafu akaligeuza nisome.

ULINGOJA NINYAMAZE.

Nilianza kusema hapana Dada, si hivyo, na nikashindwa kuendelea, kwa sababu alikuwa amefumba macho na mimi nilijua ni hivyo.

Bado tupo Dar wakati naandika haya. Dawa ameshakunywa, mapafu tutaambiwa. Nampelekea uji kila asubuhi na anaunywa, haukatai. Daftari limekwisha, amenunuliwa la pili. Amewaandikia wanawe mambo ya nyumba, amemwandikia mumewe ukurasa mzima ambao sikuusoma, na juzi alimwandikia nesi kwamba mtoto wa kitanda cha jirani analia njaa. Nesi aliucheka ule mwandiko mkubwa. Kwangu hajaandika neno.